Utamu wa Muwa Hupimwaje? Ununuzi wa Miwa na Maisha ya Mkulima wa Kilosa

Aghalabu tunapozungumza juu ya haki ya mkulima tunazungumza juu ya bei. Bei imepanda, bei imeanguka, wafanyabiashara wanapunja, serikali iingilie kati. Lakini mkulima hauzi zao lake kwa bei peke yake. Huliuza pia kwa mizani, kwa kipimo cha ubora, kwa tarehe, na katika mazao mengine hata kwa saa. Wakulima wawili waliopangiwa bei ileile waweza kurudi nyumbani na mafungu ya fedha yasiyofanana hata kidogo, na wote wawili wasijue sababu. Makala haya yanaeleza sababu hiyo kwa kutumia miwa ya kusini mwa wilaya ya Kilosa, katika mabonde yaliyo baina ya Mikumi na mto Ruaha Mkuu. Walimu wa kemia, fizikia na hisabati wataona kwamba masomo yao matatu yanakutana juu ya tela moja la miwa.

Wilaya ya Kilosa ina kumbukumbu ndefu ya jambo hili. Kabla hatujafika kwenye miwa, tuitazame pamba, ambayo mbegu zake bora kwa kanda ya mashariki zilikuwa zikitafitiwa katika kituo cha Ilonga. Wazee waliolima pamba huko wanayafahamu vyema maneno mawili, pamba safi na pamba fifi. Pamba safi ilikuwa na bei yake, na fifi bei yake ya chini. Kwa sababu ya tofauti hiyo, jamaa nzima ilikaa barazani jioni ikichambua pamba na kutenga ile iliyoingia madoa au majani. Biashara ya pamba ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katika miaka ya 1990, wanunuzi walishindana kujaza maghala upesi, na katika sehemu nyingi za nchi wakanunua pamba yote kwa bei moja. Mkulima naye akaacha kuchambua. Sioni kwamba alistahili kulaumiwa kwa hilo. Namna ya kununua ndiyo iliyomfundisha kazi ya kuchambua, na namna ya kununua ndiyo iliyomwachisha.

Kahawa ina historia tofauti. Huko Kilimanjaro, chama kikuu cha ushirika cha KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933, kilizoesha wakulima utaratibu wa malipo ya awamu mbili. Mkulima alipeleka kahawa yake katika chama cha msingi akapata malipo ya awali. Kahawa ikakobolewa, ikaonjwa, ikapangwa madaraja na kuuzwa mnadani Moshi. Kisha yakaja malipo ya pili kadiri ya bei iliyopatikana. Mapatano ya dunia ya kugawana masoko ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka vibaya, na tangu hapo wanunuzi wa Ulaya na Amerika wamebuni alama na hati mbalimbali za kumhakikishia mnywaji kwamba mkulima amelipwa vizuri. Chini ya mojawapo ya hati hizo, ile ya Fairtrade, bei ya chini kabisa ya kahawa ya arabika iliyooshwa iliwekwa kuwa dola 1.80 kwa ratili kuanzia Agosti 2023.

Sasa, kwa nini tusichukue tu utaratibu wa kahawa tukaupeleka Mikumi kwenye miwa? Kwanza, mnywaji wa kahawa yetu yuko Hamburg au Tokyo, ambapo mtumiaji wa sukari ya Kilombero ni wewe na mimi, hapa hapa nchini. Hakuna mgeni atakayekuja na hati ya kumwokoa mkulima huyu. Kanuni za kununua miwa yake tutazitunga wenyewe. Pili, na hapa ndipo sayansi inapoanza, kahawa iliyokaushwa vizuri huweza kungoja. Ikiwekwa ghalani penye hewa, hukaa miezi bila kuharibika, na mkulima au chama chake huweza kusubiri mnada ujao. Muwa hauwezi kungoja hata juma moja.

Msafiri akiiacha barabara kuu ya Iringa pale Mikumi na kushika njia ya kusini iendayo Kidatu na Ifakara, baada ya muda mfupi huingia katika nchi ya miwa: Ruhembe, Kidodi, hadi daraja la Ruaha. Milima ya Udzungwa iko upande wa kulia. Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianzishwa mwaka 1960 na kuanza kusaga miaka miwili baadaye, kwa kiwanda cha Msolwa kilichoko ng'ambo ya mto. Kiwanda cha pili, cha Ruembe, kilijengwa katika miaka ya 1970 upande huu wa Kilosa. Mwaka 1998 serikali iliuza sehemu kubwa ya hisa kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini ikabakiwa na asilimia 25. Tangu hapo sehemu kubwa ya miwa inayosagwa imekuwa ikitoka kwa wale waitwao wakulima wa nje, yaani wanavijiji wenye mashamba yao wenyewe ambayo aghalabu ni ya ekari chache tu. Zamani waliungana katika jumuiya. Siku hizi wengi wamo katika vyama vya ushirika vya mazao, AMCOS. Hawalipwi kwa uzito peke yake, bali kwa uzito pamoja na kiasi cha sukrosi kilichomo katika miwa. Neno sukrosi, ambalo mwanafunzi wa Dar es Salaam hulikuta kitabuni, mkulima wa Ruhembe hulitamka kila msimu, mara nyingine kwa uchungu.

Kinachotokea muwa ukikatwa

Sukrosi ndiyo sukari tunayotia katika chai. Molekuli yake imeundwa kwa molekuli mbili ndogo zilizoshikana, moja ya glukosi na moja ya fruktosi. Muwa ukiwa hai shambani, majani hutengeneza sukari na shina huihifadhi. Ukishakatwa, utengenezaji hukoma lakini matumizi hayakomi. Ndani ya shina mna kimeng'enya kiitwacho invatesi, ambacho huivunja sukrosi kwa msaada wa maji:

C₁₂H₂₂O₁₁ + H₂O → C₆H₁₂O₆ + C₆H₁₂O₆

Glukosi na fruktosi ni tamu mdomoni, na mtoto anayetafuna muwa wa siku nne pengine asihisi hasara yoyote. Lakini kiwandani hazigandi kuwa chembe za sukari. Huishia katika molasi, na vibaya zaidi, huzuia sehemu ya sukrosi iliyobaki isigande nayo.

Kwa desturi, miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa ili majani makavu yateketee, nyoka wakimbie na mkataji afanye kazi upesi. Moto huo hupasua ganda la muwa na kuyeyusha nta inayolikinga. Bakteria waitwao Leuconostoc hupenya, hula sukari, na kutoa kitu cha kunata kiitwacho dekstrani. Kwa hiyo saa haianzi kuhesabiwa muwa unapokatwa, bali kiberiti kinapowashwa. Mafundi wa viwanda hupenda muwa uliochomwa usagwe ndani ya siku moja, au mbili kwa uchache wa bahati. Huku nyuma jua nalo linaukausha, na uzito unapungua.

Basi mkulima ambaye miwa yake imechomwa Jumatatu lakini trekta la kuibeba likaja Ijumaa, amepata hasara mara mbili: tani zimepungua na sukrosi imepungua. Sababu yaweza kuwa trekta bovu, mvua iliyofanya njia ya shamba isipitike, foleni ndefu mizanini, au mtambo uliosimama. Hakuna hata moja kati ya hizo aliyoisababisha yeye, lakini zote huandikwa katika karatasi yake ya malipo.

Mwanga unaozungushwa

Sukrosi hupimwaje? Kwanza huchukuliwa sampuli. Tela hubeba tani kadhaa, ambapo maabara huhitaji kilo chache tu. Tatizo ni lile lile la mnunuzi wa mahindi anayedunga gunia kwa bambo: akidunga mahali pamoja tu, amepima mahali pale, hakupima gunia. Kila mtoto wa kijijini anajua kuwa kitako cha muwa ni kitamu na kilele ni chapwa. Sampuli ikiangukia vilele vingi, shamba zuri litaonekana baya. Kwa sababu hiyo wakataji huagizwa kuondoa vilele vizuri, na sampuli inapasa kuchukuliwa mahali zaidi ya pamoja katika kila tela.

Sampuli hukatwakatwa, hukamuliwa, na juisi hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kipimo cha Brix, ambacho huonyesha ni gramu ngapi za vitu vilivyoyeyuka zimo katika gramu 100 za juisi. Chombo chake, refraktomita, hutazama jinsi mwanga unavyopinda ukiingia katika juisi. Kuna refraktomita ndogo za mkononi, na baadhi ya wakulima wamekuwa wakishauriwa wazinunue. Ushauri si mbaya, lakini unahitaji tahadhari. Tazama tena mlinganyo wa hapo juu. Gramu 342 za sukrosi zikivunjika huchukua gramu 18 za maji na kuwa gramu 360 za glukosi na fruktosi. Vitu vilivyoyeyuka vimeongezeka! Ukijumlisha na maji yaliyopotea juani, Brix ya muwa uliochakaa huweza kuwa kubwa kuliko ya muwa mbichi. Mkulima aliyepima kwa chombo chake shambani huenda akaapa kuwa ameibiwa, kumbe chombo chake hakitofautishi sukrosi na mabaki yake.

Kutofautisha ni kazi ya polarimita. Mwaka 1815 mwanafizikia Mfaransa Jean-Baptiste Biot aligundua kwamba mwanga uliochujwa ili utikisike katika bapa moja tu, ukipitishwa katika maji ya sukari, bapa lake huzunguka. Sukrosi hulizungusha kuelekea kulia, na kipimo chake maalumu ni nyuzi +66.5. Glukosi nayo huzungusha kulia, +52.7, lakini fruktosi huzungusha kushoto kwa nguvu zaidi, −92.4. Wastani wa hizo mbili ni −19.85. Maana yake ni kwamba sukrosi inapovunjika, mwanga uliokuwa ukienda kulia unageuka kwenda kushoto, na ndiyo asili ya wanakemia kuyaita mabadiliko haya 'kugeuka' kwa sukari.

Naomba mwanafunzi achukue karatasi. Kanuni ni hii: pembe ni sawa na kipimo maalumu, mara urefu wa bomba kwa desimita, mara gramu za sukari katika kila mililita. Tuchukue gramu 26 za sukrosi katika mililita 100 na bomba la desimita 2. Pembe itakuwa 66.5 × 2 × 0.26, yaani nyuzi 34.58. Hii tuiite 100. Sasa tuseme sehemu moja ya kumi ya sukrosi imegeuka. Sukrosi iliyobaki, gramu 23.4, itatoa nyuzi 31.12. Gramu 2.6 zilizovunjika zimekuwa 2.74 za mchanganyiko, nazo zitatoa −1.09. Jumla ni 30.03, sawa na asilimia 87 hivi ya pembe ya mwanzo. Kweli ni kwamba sukrosi imepungua kwa asilimia 10, lakini polarimita inasema 13.

Je, mkulima anadhulumiwa asilimia 3? Swali hili si jepesi. Mtu wa kiwanda atajibu kwamba sukari iliyogeuka inazuia nyingine isigande, kwa hiyo adhabu hiyo kidogo ina msingi. Mimi nakubaliana naye kwa kiasi fulani. Lakini upande wa pili nao una kichekesho chake: dekstrani, ule utelezi wa bakteria, huzungusha mwanga kulia karibu mara tatu ya sukrosi. Muwa uliooza vya kutosha huweza kuidanganya polarimita ionyeshe sukari isiyokuwepo, na hapo kiwanda ndicho kinacholipa hewa. Hakuna chombo kisicho na upendeleo wake. Lililo muhimu ni kwamba pande zote mbili zijue upendeleo huo ni upi, na zikubaliane juu yake kabla miwa haijakatwa.

Hesabu ya kaya moja

Tufanye mfano. Namba za fedha ni za kubuni ili hesabu iwe rahisi. Mkulima ana ekari mbili zinazotoa tani 40. Bei ni shilingi 100,000 kwa tani yenye sukrosi asilimia 10, na huongezeka au kupungua kwa uwiano. Gharama zake zote, kulima, mbegu, mbolea, palizi, kukata na kubeba, ni shilingi 3,200,000.

Miwa ikifika mbichi, na sukrosi ikiwa asilimia 12, atapata tani 40 mara shilingi 120,000, sawa na 4,800,000. Akitoa gharama, anabakiwa na 1,600,000. Miwa ileile ikichelewa siku chache, ikawa tani 38 zenye asilimia 11, atapata 4,180,000 na kubakiwa na 980,000. Sukari iliyopotea ni asilimia 13 tu. Faida iliyopotea ni karibu asilimia 39. Gharama hazipungui kwa kuwa miwa imechelewa. Kwa hiyo hasara yote huiangukia ile sehemu ndogo ya juu, ambayo ndiyo ada ya shule, bati la nyumba, na mbolea ya mwaka ujao.

Hiyo mbolea ya mwaka ujao si jambo la kupita haraka. Muwa haupandwi kila mwaka. Ukikatwa, shina huchipua tena, na machipukizi hayo, ambayo wakulima huyaita ratuni, huvunwa mwaka hata mwaka. Yakitunzwa hudumu miaka mingi. Yakikosa mbolea na palizi hudhoofika upesi, na mavuno huanguka. Mkulima aliyepoteza theluthi ya faida yake mwaka huu haweki mbolea. Mwakani tani zake ni chache, faida inapungua tena, na baada ya misimu mitatu minne anakodisha shamba kwa mwenye uwezo na yeye mwenyewe anakuwa kibarua. Kilimo endelevu, neno linalotajwa sana mikutanoni siku hizi, kwa mkulima wa Kidodi ni kama ratuni yake itaota vizuri baada ya mavuno au la, na jibu linatoka mizanini.

Nani avunwe lini

Kuna jambo kubwa zaidi ya siku nne za kuchelewa, nalo ni mwezi wa kuvunwa. Muwa huiva, yaani hujaza sukrosi, wakati ukuaji unapopunguzwa na baridi na ukavu. Katika bonde hili wakati huo ni kuanzia Juni hadi kama Novemba. Mvua zikianza, muwa hurudi kukua, hutumia akiba yake, na sukrosi hushuka. Kiwanda hakiwezi kusaga miwa yote katika miezi mizuri pekee. Mitambo ina kikomo. Lazima mmoja awe wa Agosti na mwingine awe wa Januari. Katika mfano wetu, mkulima yule akivunwa mvuani kwa sukrosi ya asilimia 9, atapata 3,600,000 na kubakiwa na 400,000 tu, hata kama alilima vizuri kuliko jirani zake wote. Na mvua zikizidi, havunwi kabisa. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilifanya mashamba yasipitike na viwanda vikasimama. Nchi nzima ilijua, kwa sababu kilo ya sukari ilipita shilingi 4,000 katika sehemu nyingi, hata Bodi ya Sukari ikatangaza bei kikomo. Magazeti yaliandika sana juu ya foleni za wanunuzi. Machache yaliandika juu ya miwa iliyobaki imesimama majini.

Afrika Kusini wana dawa ya ugonjwa huu wa tarehe, nayo inastahili kufundishwa katika darasa la hisabati. Huitwa malipo ya ulinganisho. Kipimo cha mkulima hakitumiki kama kilivyo. Hutolewa kwanza wastani wa miwa yote iliyofika kiwandani juma lile, kisha hujumlishwa wastani wa msimu mzima. Mkulima wetu wa Januari aliyepata 9, katika juma ambalo wastani ulikuwa 8.5, na wastani wa msimu ni 11, atalipwa kwa 9 − 8.5 + 11, yaani 11.5. Anashindanishwa na wenzake wa juma lile, hashindanishwi na mawingu. Jirani yake wa Agosti aliyepata 12, juma lenye wastani wa 12.5, atalipwa kwa 10.5, kwa sababu kumbe alikuwa chini ya wenzake. Bila shaka hatafurahi. Lakini foleni ya kugombea Agosti itakwisha, na pamoja nayo vishawishi vya kumpa mtu kitu kidogo ili jina lako litangulie.

Wastani wa msimu haujulikani mpaka msimu uishe. Kwa hiyo utaratibu huu unahitaji malipo ya awali na malipo ya pili, kama ule wa kahawa ya Kilimanjaro, na unahitaji chama ambacho wanachama wanaamini kwamba malipo ya pili yatafika kweli. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye ugumu, kuliko katika hesabu.

Wapo wanaosema: yote haya ya nini? Tulipe kwa uzito tu, mizani kila mtu anaiona. Jirani zetu wa Kenya wamefanya hivyo kwa miongo mingi. Mkulima anayelipwa kwa uzito hana sababu ya kungoja muwa uive, na viwanda vinavyogombea miwa michache havina subira ya kumngoja. Julai 2023 mamlaka ya kilimo ya Kenya ililazimika kuvisimamisha viwanda vya magharibi kwa miezi kadhaa kwa kuwa miwa iliyokomaa ilikuwa imekwisha. Mizani peke yake ni rahisi kuielewa, lakini inafundisha somo baya, kama ile bei moja ya pamba.

Kipimo cha sukrosi kina faida, ila sharti kiaminike. Huko Morisi, kwa miaka mingi sasa, chombo cha umma kisicho mali ya kiwanda wala ya mkulima ndicho kinachosimamia upimaji, na mkulima hutengewa asilimia 78 ya sukari itokanayo na miwa yake. Kwetu pia malalamiko juu ya kipimo ni ya miaka mingi, na tiba yake haihitaji uvumbuzi wowote: maabara isiyo ya upande wowote, sampuli ya pili iliyofungwa kwa lakiri ili mwenye shaka airudie, na karatasi ya malipo inayotaja saa ya kuchoma, saa ya kukata na saa ya kupima. Mistari hiyo mitatu ikiandikwa, mkulima aliyecheleweshwa atajua ni wapi palipotokea ucheleweshaji na ni nani wa kuulizwa. Hali kadhalika bei ingeweza kumtambua anayevuna bila kuchoma, ambaye majani yake hubaki shambani yakifunika udongo na kuhifadhi unyevu. Kukata miwa mibichi ni kazi nzito na ghali zaidi. Maadamu hailipwi zaidi, kiberiti kitaendelea kutumika.

Jambo hili linazidi kuwa na haraka. Upanuzi wa kiwanda ulioanza mwaka 2021 ulikusudia kuongeza sukari ya Kilombero kutoka tani zipatazo 127,000 kwa mwaka hadi 271,000, na sehemu kubwa ya miwa ya ziada ilitarajiwa kutoka kwa wakulima wa nje. Familia nyingi zitaingia katika hesabu niliyoieleza bila kuijua.

Jaribio kwa ajili ya shule

Shule iliyo karibu na miwa haihitaji polarimita ili kuona sukari ikigeuka. Dawa ya Benedict hugundua glukosi na fruktosi lakini haigundui sukrosi, na hiyo ndiyo siri ya jaribio hili. Chukueni miwa kumi na miwili ya shamba moja na umri mmoja. Ondoeni vilele, pimeni uzito wa kila muwa na kuuandika. Kamueni miwa miwili siku hiyo hiyo. Mingine iacheni nje juani. Kila baada ya siku moja pimeni tena uzito wa yote iliyobaki, kisha kamueni miwili.

Chujeni juisi na kuichanganya na maji mara kumi, maana ikiwa nzito rangi yake itaficha matokeo. Tieni mililita 2 katika neli pamoja na mililita 2 za dawa, mweke neli katika maji yanayochemka kwa dakika tano, na mlinganishe rangi: buluu, kijani, manjano, kisha nyekundu ya matofali. Darasa lenye muda lirudie kwa kutenganisha juisi ya kitako na ya sehemu ya juu ya shina. Kundi moja lichome miwa yake juu ya moto wa majani makavu kabla ya kuiacha, ili ilinganishwe na ile isiyochomwa. Matokeo yaandikwe katika jedwali, na safu ya mwisho iwe ya saa zilizopita tangu muwa ukatwe.